Kwa nini filamu za muziki wetu zinaonyesha jahazi na si ukali wa nyimbo?

#1 KahawaChungu
Salaam wana jukwaa. Nina dukuduku.

Juzi nilikaa na wanangu tukatazama filamu tatu za hali halisi kuhusu taarabu na ngoma za Zanzibar, moja baada ya nyingine. Macho yalishiba: jahazi linapita, jua linazama, mzee anakaza nyuzi za udi, watoto wanajitosa baharini pale Forodhani. Zilipokwisha binti yangu akaniuliza, "Baba, kwani nyimbo zote hizi ni za mapenzi?" Nilikosa la kumjibu.

Mie nimekulia Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe. Bibi yangu alikuwa akituhadithia kuwa nyimbo za Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa zamani, zilitaja wezi, mahakimu, matajiri waliodhulumu wanyonge, hata kesi za mauaji. Ukisikiliza santuri umeshajua mjini kumetokea nini. Sasa huo ukali umekwenda wapi kwenye hizi filamu? Dai langu ni kuwa watengenezaji, wengi wao wageni, wameufanya muziki wetu kuwa pambo la ukutani, na zile harakati wameziacha mlangoni. Haya, nipingeni.

#2 NgalawaMbovu
Umesahau paka. Hakuna filamu ya Mji Mkongwe isiyo na paka kwenye kizingiti.

#3 BintiNgambo
Bibi yako kasema kweli. Uchukue wimbo wa Kijiti. Mwanamke kaja kutoka Dar es Salaam kutembea, kachukuliwa kwenda kwenye starehe, akauliwa. Mwenyewe Kijiti akakimbilia bara. Kesi ilipofika mbele ya hakimu, walioingia matatani ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti na wenzake wakaimba kisa kizima, na kila aliyeusikia wimbo alielewa kuwa anayeshtakiwa pale si Kijiti peke yake, ni mahakama.

Hiyo ni kazi ya gazeti, tena enzi ambayo watu wengi wa Ng'ambo walikuwa hawajui kusoma. Mtengeneza filamu yeyote angepata hapo saa nzima ya kusimulia. Badala yake tunaonyeshwa kuwa alikuwa binti wa wafinyanzi wa Fumba, akauza vyungu, akapata umaarufu, basi. Hadithi ya maskini kuwa tajiri.

#4 Msafiri_Kiponda
Siti alirekodi London mwaka gani vile? Nimewahi kusoma.

#5 BintiNgambo
Si London, ni Bombay. Mwaka 1928, kampuni ya gramafoni iliyokuwa na nembo ya mbwa. Alikwenda na wenzake wa kikundi.

#6 Mwalimu_Mstaafu
Huo mwaka 1928 msiupite mbio. Ndio mwaka uleule watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mtu amejenga kibanda chake kwa mikono yake, udongo na makuti, halafu mwenye kiwanja anakuja kudai kodi na kila mara anaipandisha. Wakakataa. Walipokamatwa wenzao, umati ulikwenda ukawatoa gerezani. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Ng'ambo kuhusu mambo haya na kuyaunganisha na nyimbo za kikundi cha Siti.

Pamoja na hayo, KahawaChungu, sikubaliani nawe katika jambo moja. Neno "harakati" limekuja juzi. Siti hakuwa mwanaharakati, alikuwa mwimbaji, na usiku wa leo alikuwa akiimba Ng'ambo, kesho yake anaitwa kuimba kwenye majumba ya wakubwa walewale. Ukimvalisha kofia ya harakati unakuwa huna tofauti na huyo mgeni aliyemvalisha jahazi.

#7 KahawaChungu
Mwalimu, shikamoo. Lakini kuimba kwa wakubwa hakumzuii mtu kuwasema wakubwa.

#8 Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Hakumzuii. Ila kunamfundisha namna ya kusema.

#9 FundiSauti
Mie nimewahi kubeba maikrofoni kwenye kazi mbili za namna hii, moja ya watu wa nje na moja ya watu wetu wenyewe. Nasema tatizo ni kamera ilikoelekezwa, uraia wa mtengenezaji hauna neno.

Kamera zote huwekwa kumtazama mwimbaji na wapiga fidla. Mtu wa filamu anadhani muziki uko jukwaani. Wakati taarabu, kila mtu hapa anajua, nusu yake iko kwenye viti. Bibi mmoja kakaa kimya nyimbo tatu. Ikifika beti fulani, beti ileile na si nyingine, anainuka. Anatembea taratibu, anapita mbele ya mtu fulani kwa makusudi, anakwenda kumtunza mwimbaji noti, anarudi kukaa. Ukumbi mzima umeshaelewa kuwa kuna mtu kaambiwa maneno. Mwimbaji hajataja jina. Mtunzi hajataja jina. Aliyetaja ni miguu ya yule bibi.

Sasa kamera imempa mgongo. Kwenye filamu unaona noti tu zinamwangukia mwimbaji, na chini maandishi yanasema "mpenzi wangu umenitoka". Ukali wote umebaki nyuma ya kamera.

#10 BintiNgambo
Wallahi FundiSauti umenifungua macho. Mama yangu alikuwa na mpinzani wake mtaani, na nyimbo walizotunziana nazijua mpaka leo. Hakuna filamu itakayozielewa.

#11 NgalawaMbovu
Mama yako alishinda?

#12 BintiNgambo
Mpinzani wake alihama mtaa. Wewe hesabu mwenyewe.

#13 Mkalimani_Shangani
Nakuja na la moyoni, sitataja filamu wala watu.

Niliajiriwa kuandika tafsiri za chini za filamu moja, miaka mingi imepita. Kulikuwa na wimbo wa ndege anayekula mtama wa shamba asilolilima. Kila mtu wa hapa ukimuimbia atakwambia ndege ni nani, na kila mmoja atakuambia ndege wake. Nikamfuata mtunzi, nikamuuliza niandikeje. Akacheka akasema, "Andika ndege." Nikamwambia watazamaji wa huko hawataelewa. Akasema, "Wa huko hawana haja ya kuelewa, na wa hapa hawasomi maandishi."

Nikaandika ndege. Mtengenezaji akaja juu, akataka nitie maelezo kuwa wimbo huu unawasema fulani. Nikakataa. Mwishowe wimbo ulikatwa kwa sababu "haueleweki", ukatiwa wa mapenzi. Kwa hiyo wanaolaumu wageni wajue kuna mkono wangu humo, na mkono wa mtunzi pia. Wageni hawakuuficha ukali wetu, tuliuficha sisi.

#14 KahawaChungu
Dada Mkalimani, ahsante kwa ukweli wako. Hapo dai langu limeyumba kidogo.

#15 KidauChaMkoani
Nnasoma tangu juu nnacheka. Mada imeandikwa Zanzibar, lakini posti kumi na nne zote ni Ng'ambo, Shangani, Ng'ambo. Pemba hatuna muziki?

Nyinyi mnatafuta ukali kwenye taarabu, ambayo watu wamevaa suti na wamekaa kwenye viti. Ukali uko kwenye kibati. Watu wawili wanapokezana maneno juu ya ngoma, mbio mbio, wengine wanaitikia. Hakuna karatasi. Mtu anatunga papo kwa papo, mwenzie anamjibu papo kwa papo, na mnaochekwa mpo hapohapo mmesimama. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkali wa kibati. Msimu mmoja wa karafuu alimwimba karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia, kwamba mizani yake inapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Karani alikuwapo. Alikuja kuitazama ngoma! Kesho yake mizani ilikaa sawa, na babu alipima gunia lake kwa amani. Na ngoma ya msewe vilevile, mwanaume kafunga misewe inayolia miguuni, watu wanadhani ni mchezo wa kuruka tu.

Filamu ngapi zimekuja kutafuta hayo? Wakifika Pemba wanapiga picha mkarafuu, wanarudi na boti.

#16 NgalawaMbovu
Na sisi tukifika Pemba tunapigwa kibati tukiwa bado gatini.

#17 KidauChaMkoani
Yakhe, ukija na ngalawa mbovu unategemea nini.

#18 FundiSauti
KidauChaMkoani, nakuunga mkono, na nakuongezea sababu ya kifundi. Kibati ni kigumu kurekodi. Wasemaji wawili wanajongeleana, wanazunguka, ngoma iko juu, waitikiaji wanapiga kelele. Maikrofoni moja juu ya kamera inanasa ngoma tu. Ukitaka maneno, umtie kila msemaji kifaa chake, kisha umtafute mtu wa kusikiliza neno kwa neno na kuandika. Dakika tano za kibati ni kazi ya siku nzima ya mkalimani. Na mkalimani mwenyewe awe Mpemba, maana Muunguja atapotea njiani.

Taarabu ina vina na mizani, ina ubeti na kiitikio, mwimbaji kasimama mahali pamoja. Rahisi. Kwa hiyo huenda hakuna njama yoyote. Watu wamefilamu kile kilichosikika.

#19 Zinduna
Jamani, msiseme haiwezekani. Mie nimesomea mambo ya filamu, nawapa mifano miwili.

Kuna filamu ya Marekani ya mwaka 1976, ya Barbara Kopple, kuhusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa wilaya ya Harlan, Kentucky. Mgomo ulianza 1973. Wake za wachimbaji ndio waliosimama barabarani alfajiri kuwazuia waliotaka kuvunja mgomo. Filamu nzima imejaa nyimbo za kienyeji za milimani kwao. Kwenye mkutano mmoja anainuka bibi mzee, Florence Reece, anaimba wimbo alioutunga mwenyewe mwaka 1931 katika mgomo wa baba zao, unaomuuliza msikilizaji yuko upande gani. Sauti yenyewe inakwaruza. Kamera imemtazama yeye na waliomzunguka. Filamu ilipata Oscar.

Ya pili ya Afrika Kusini, "Amandla!" ya 2002, yote ni nyimbo za mapambano dhidi ya ubaguzi. Inaanza na kufukuliwa kwa mabaki ya Vuyisile Mini, mtunzi na kiongozi wa wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964, ili azikwe kwa heshima. Wimbo na kaburi kwenye filamu moja. Mbona kwao imewezekana?

#20 Mwalimu_Mstaafu
Umetoa mifano mizuri, Zinduna, lakini jawabu umelibeba mwenyewe. Hao walikuwa kwenye mapambano ya wazi. Mgomo unatangazwa. Bibi wa Kentucky anataka ajulikane yuko upande gani, wimbo unauliza hivyo. Wimbo wetu unataka kinyume chake, ujumbe ufike na aliyeutuma asionekane. Hayo ndiyo maana ya fumbo. Ukilifumbua mbele ya kamera umeliua, na pengine umemtia mtu matatani.

Mtazame marehemu Haji Gora wa Tumbatu, na lile shairi lake la kimbunga kilichong'oa mibuyu na minazi ikanusurika. Nimekaa kwenye baraza nne tofauti nikasikia tafsiri nne, na kila mwenye tafsiri anaapa. Utafanya filamu ya ipi?

#21 Zinduna
Zote nne! Kaa kwenye hizo baraza nne, uwarekodi wanavyogombana. Hiyo ndiyo filamu.

#22 FundiSauti
Hii hapa juu ni sawa kabisa. Na kamera iwatazame wasikilizaji.

#23 Msafiri_Kiponda
Mimi naona mnazunguka mbuyu, kisa ni pesa. Rafiki yangu aliwahi kuandika maombi ya fedha kwa ajili ya filamu kuhusu nyimbo za wapagazi na makuli wa bandarini, kuanzia mgomo wa 1948. Mfadhili wa kwanza akamwambia mada ni ya kisiasa mno. Wa pili akasema hakuna mvuto kwa mtazamaji wa nje, angeongeza "rangi". Alipoandika upya kuwa ni filamu kuhusu harufu ya viungo na midundo ya bahari, barua ya kumkubalia ilikuja. Hakuitengeneza. Sasa anauza simu Darajani na anakula vizuri kuliko sisi sote.

#24 NgalawaMbovu
Midundo ya bahari yenye harufu ya viungo. Huyo angepewa Oscar bila ya kamera.

#25 KahawaChungu
😂 Turudi kwenye mada. Mwalimu, baada ya Mapinduzi hali ilikuwaje? Nasikia vikundi viliwekwa chini ya serikali.

#26 Mwalimu_Mstaafu
Kabla hata ya Mapinduzi, vikundi vilikuwa na siasa ndani yake. Kikundi cha Ikhwani Safaa ni cha tangu 1905, kina watu wake na mitaa yake. Kikundi cha Culture kilianza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana, ndani ya vijana wa chama cha Afro-Shirazi. Lile jina lenyewe ni siasa tupu! Sasa mtu anakuja anamfilamu mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, huko Vuga, anamuuliza ameanza lini kupenda muziki. Hamuulizi kikundi kiliundwa kwa ajili gani.

Baadaye nyimbo nyingi zilikuwa za kusifu na za kuhimiza: kilimo, elimu, usafi. Hizo nazo ni harakati, ukitaka, ila zinatoka juu kwenda chini. Huo upande hamuutaji kwa sababu hauna utamu. Zanzibar tulipata televisheni ya rangi miaka ya 1970 wakati wenzetu wa Tanzania Bara hawana hata nyeusi na nyeupe, na nyimbo hizo zilirekodiwa humo.

#27 Msafiri_Kiponda
Kanda zenyewe ziko wapi leo?

#28 FundiSauti
Swali hilo huuliza kila mtu, kisha mada hubadilika. Kanda na joto la pwani haviishi nyumba moja. Chumvi, unyevu, ukungu mweupe kwenye utepe. Na nyengine zilirekodiwa juu yake mpira wa miguu. Kwa hiyo katika sababu zenu tieni na hii: hata mtengenezaji mwenye nia njema akitaka picha za zamani za nyimbo kali, atapata chache, na atalazimika kujaza pengo kwa jahazi.

#29 NgalawaMbovu
Nilisema mie. Na paka.

#30 MwaniPaje
Habari zenu. Sijui kuandika maneno mengi, lakini hili la mafumbo lisifanywe sheria.

Sisi wanawake wa mwani tunaimba tukifunga kamba na tukivuna maji yakipwa. Nyimbo nyingi ni za zamani, nyengine tunazitia maneno mapya. Bei ikishuka tunaimba bei. Siku moja kijana wetu alikuja na simu kutupiga video kwa ajili ya mradi wake wa chuo. Tukaimba:

*Mwani wangu naanika, jua lanila mgongo,*
*Nikifika kwa tajiri, kilo yawa robo chongo.*

Kumbe tajiri mwenyewe kafika na gari lake, kasimama nyuma anasikiliza. Hatukunyamaza. Bi mkubwa wetu mmoja akageuka, akarudia beti akimtazama machoni. Yule bwana akacheka, akatoa noti akatutunza! Yote yamo kwenye simu. Bei haikupanda, lakini ukali upo na kamera ilikuwapo. Siku hizi joto la maji limeuharibu mwani, ule wenye bei nzuri unaoza kwenye kamba, wengine wameacha. Nyimbo hizo tunaziimba bado.

#31 KidauChaMkoani
"Robo chongo"! Huyu dada ana asili ya Pemba, haiyumkini kuwa vyengine.

#32 MwaniPaje
Paje mimi, kaka yangu. Tumezaliwa na midomo pia.

#33 Mkalimani_Shangani
Dada MwaniPaje, na mimi nikiambiwa niitafsiri hiyo, "robo chongo" naipelekaje? Robo yenye jicho moja? Mtazamaji ataona kichekesho, hatajua kilipotoka. Nimejaribu hapa dakika kumi, nimeshindwa.

#34 Mwalimu_Mstaafu
Mwanangu MwaniPaje, umenipa kazi. Nimesema ukilifumbua mbele ya kamera umeliua. Nyinyi mmelifumbua mbele ya kamera na mbele ya mwenyewe, na akatunza. Hapa sina jawabu la haraka. Pengine tajiri anayetoa noti anaununua wimbo vilevile anavyonunua mwani.

#35 BintiNgambo
Au kaona haya, noti ikamtoka.

#36 UmmuSalma
Mmezungumza posti thelathini na tano, mwimbaji Bi Kidude hamjamtaja! Mbona? Kuna filamu yake ya 2006, ya Andy Jones, "As Old as My Tongue". Kafariki 2014, Mungu amrehemu, na watu wakabaki kuzungumza sigara zake tu.

#37 BintiNgambo
Aprili 2013, dada. Nakumbuka, nilikuwa kwenye maziko.

#38 UmmuSalma
Sawa, 2013, ahsante kwa kunisahihisha. Ninachotaka kusema ni kwamba Fatuma binti Baraka, ndiye huyo Bi Kidude, mwenyewe alikuwa harakati inayotembea kwa miguu. Kazikimbia ndoa, kaimba bila ya ushungi, kapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, 2005 huko Uingereza akiwa bibi kizee ambaye umri wake hakuna aliyekuwa na cheti chake. Na alikuwa mwalimu wa unyago. Unyago ndipo mwanamke anapofundishwa mwili wake ni wake, asidhulumiwe na asijidharau, na anafundishwa kwa ngoma na nyimbo. Kama hiyo si harakati, basi sijui nyinyi mnatafuta nini. Mnatafuta mabango?

#39 Zinduna
Hoja nzito. Lakini hapo ndipo pagumu kwa mtu wa kamera. Nyimbo za unyago ni za ndani. Haziimbwi mbele ya mwanamume wala msichana asiyechezwa. Ukizifilamu umeonyesha ukali, sawa, lakini umevunja mlango.

#40 UmmuSalma
Bi Kidude aliutoa msondo wake, ile ngoma ya unyago, nje, akaupiga majukwaani Ulaya. Mlango aliufungua mwenye nyumba.

#41 Zinduna
Aliufungua wake. Masomo wengine, walimu wa unyago wa mitaani, waliokaa nao kimya, walinuna. Mmoja nimemsikia kwa masikio yangu: "Kidude kauza ufunguo." Simhukumu mtu, ila wapo wanaotaka nyimbo zao zisifilamiwe kabisa, na huko kukataa nako mtu akitaka ataita harakati.

#42 KahawaChungu
Sasa uzi umenizidi. Nilianza na wageni wabaya. Nimepata kamera imegeuzwa mgongo, mkalimani kaficha, mfadhili kataka viungo, kanda zimeota ukungu, kibati kina mbio, fumbo halitaki taa, na unyago hautaki mlango ufunguliwe. Binti yangu ananisubiri sebuleni na swali lake lilelile.

#43 NgalawaMbovu
Mwambie ndiyo, ni za mapenzi. Mapenzi ya mizani.

#44 Msafiri_Kiponda
Mie bado nasema pesa.

#45 FundiSauti
KidauChaMkoani, yule bibi yako wa kibati yu hai? Nina kifaa kizuri cha sauti, na boti ya Jumamosi naweza kuja nayo, sina kazi.

#46 KidauChaMkoani
Yu hai alhamdulillahi, macho ndo yameshuka, ulimi uko palepale. Usije kwanza, ngoja nimuulize. Leo nnakwenda kwake kula.

#47 KidauChaMkoani
Nimerudi. Baada ya kula nilimkumbusha habari ya karani na mizani. Aliimba yote, mwanzo mpaka mwisho, na majibu ya mwenzie aliyekuwa akipokezana naye akayatia mwenyewe kwa sauti nyengine. Nilicheka mpaka shangazi akatoka jikoni. Nikasema hapa hapana kusubiri FundiSauti, nikatoa simu. Kuiona tu, akakaa sawa, akavuta kanga kichwani, akaanza kasida ya Mtume.

#48 Mkalimani_Shangani
😂😂 Mwalimu, umeshinda raundi hii.

#49 FundiSauti
Zima simu. Chukua kalamu na karatasi.

#50 KidauChaMkoani
Ndivyo nilivyofanya. Nimepata beti nne. Lakini kanambia nisilitie jina la karani, wajukuu zake tunasali nao msikiti mmoja.

#51 KahawaChungu
Basi zitie hapa bila ya jina.

#52 KidauChaMkoani
Nilimuuliza hilo pia. Kasema hata bila ya jina, Mkoani wote watamjua.